Kuchelewa kwa Siku Moja

Jaji alisoma uamuzi kwa dakika nne, na moja kati ya hizo aliitumia kutafuta miwani yake.

Kampuni ya sabuni iliomba irudishiwe kodi ya ongezeko la thamani iliyolipa iliponunua mafuta, magadi na mapipa. Sheria iliipa miezi kumi na miwili kupeleka dai. Dai lilifika baada ya miezi kumi na miwili na siku moja.

"Mahakama haina haja ya kuangalia kilichomo ndani," jaji alisema. "Dai limechelewa. Linatupwa, na kampuni italipa gharama."

Mhasibu wa kampuni, aliyeketi safu ya pili, alishusha pumzi. Mwenye kampuni, aliyeketi ubavuni mwake, hakushusha kitu. Alikuwa kaka yake, tumbo moja, mkubwa kwa miaka kumi na mitano. Tangu ujanani nyumbani walimwita Bosi, hata mama yao.

Kwenye korido Bosi alimvuta dada yake kando, karibu na ndoo ya mfagiaji.

"Siku moja," alisema. "Mwaka mzima boksi la risiti liko mezani kwako, unakuja kushindwa na siku moja."

"Nilikuwa na homa, kaka. Nilikwambia."

"Homa. Mimi nimeshamuahidi mama bati jipya, wewe una homa."

Wakili wao, mtu mnene mwenye mkoba mwembamba, aliingilia kati. Mlango haujafungwa kabisa, alisema. Kikipatikana cheti cha hospitali kuonyesha kwamba mhasibu aliumwa siku ile ya mwisho, wanaweza kuomba waongezewe muda. Hapo dai litafunguliwa na kusomwa ukurasa kwa ukurasa.

"Umesikia?" Bosi akamgeukia dada yake. "Kalete cheti."

"Sikwenda hospitali. Nilimeza vidonge nikalala."

"Hata kadi ya zahanati?"

"Hata hiyo sina."

Wakili akafunga mkoba. Bosi alimtazama dada yake kama anavyotazama sabuni iliyokataa kuganda.

"Kesho usije kazini," alisema. "Na keshokutwa pia. Nitatafuta mtu mwenye afya."

Akashuka ngazi bila kuaga, wakili akimfuata nyuma mbiombio, maana naye alikuwa hajalipwa.

Habari mbaya haina breki. Mhasibu hajafika hata mwisho wa korido, simu ya mama ikaingia.

"Mwanangu, nani alikulipia ada ya chuo cha uhasibu?"

"Kaka, mama."

"Aliuza nini?"

"Pikipiki yake."

"Akaenda kazini kwa miguu miaka miwili, ili wewe ujue kuhesabu. Leo umeshindwa kuhesabu siku?"

"Nisamehe, mama."

"Mimi si wa kuombwa msamaha. Kamuombe yeye."

Mhasibu akasimama kidogo, akajifuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha badala ya kuelekea kwenye lango la kutokea akakata kushoto, kwenda masijala.

Karani wa masijala, mwanamke wa makamo mwenye kalamu nyuma ya sikio, alimsukumia boksi la dai juu ya kaunta. "Uliliweka wewe, utie sahihi wewe."

Mhasibu hakutia sahihi. Kwanza aliligeuza boksi huku na huku, akapitisha kidole juu ya lakiri, upande mmoja baada ya mwingine.

"Hamkulifungua?"

"Tulifungue la nini? Dai lililochelewa ni kama mgeni aliyekuta vyombo vimeshaoshwa. Hakuna wa kumpakulia."

"Na nakala zake?"

"Nakala za wapi? Watu wa kodi walikataa hata kulipokea, ndiyo maana mkaja kwetu." Karani akamwonea huruma. "Pole, dada yangu. Siku moja ni kitu kidogo sana."

"Ni kidogo," mhasibu alikubali, akatia sahihi.

Alifika nyumbani jua likiwa utosini. Mumewe, fundi viatu, alikuwa barazani akigonga kisigino. Ukutani kwenye msumari walining'inia wateja wake wote kwa njia ya vikaratasi: huyu anataka soli, yule gundi tu. Hata Bosi alikuwa akileta viatu vyake hapo, kila jozi na maagizo marefu aliyoyaandika kwa mkono wake.

Mhasibu alimpita, akalitua boksi uani kando ya pipa la takataka, akaingia jikoni na kutoka na chupa ya mafuta ya taa. Mumewe akamfuata, nyundo ingali mkononi.

"Mama mkwe amenipigia," alisema. "Amekasirika. Ati ulichelewesha dai kwa sababu ya homa."

"Ndivyo."

"Homa ya siku ile? Siku ile si tulishinda tukipaka chokaa chumba cha watoto? Ulikuwa buheri wa afya, unaimba juu ya ngazi."

Mhasibu alikata lakiri kwa kisu cha vitunguu, akachota risiti mkono mzima na kuzitupa pipani. Alipochota mara ya pili, alizuia tatu, akampa mumewe.

Ya kwanza ilitoka kwa muuza mafuta wa palepale mjini. Ya pili ilitoka kwa muuza magadi wa bandarini. Ya tatu ilikuwa ya mtengeneza mapipa wa mji wa mbali, mwendo wa siku mbili kwa lori. Fundi viatu alizisoma polepole, akazirudia, kisha akaziinua zote tatu juani, bega kwa bega.

"Mke wangu," alisema, "hawa watu watatu, mbona wote wana mwandiko wa shemeji?"