Maziwa ya Mwisho

Jana mpimaji wa kituo cha maziwa alimrudishia mama mmoja ndoo yake mbele ya foleni nzima. Mafuta hayakufika kiwango cha serikali. Mpimaji hakusema kuwa mama ametia maji, ila waliokuwa nyuma walikohoa, na kikohozi kile alikielewa.

"Mama, maziwa mazito hutoka mwisho," mpimaji alimnong'oneza. "Hayo ya mwisho unampa nani?"

Alikuwa akimwachia ndama. Siku zote chuchu zikianza kulegea, alifungua kamba, naye ndama akaja kumalizia.

Asubuhi hii zimelegea. Ndama anajua zamu yake imefika. Amenyoosha shingo mpaka mwisho wa kamba, anamlamba kiwiko kwa ulimi unaokwaruza kama msasa.

"Mbona humfungulii mwenzio?" mumewe akauliza mlangoni.

"Subiri kidogo, baba watoto."

"Nisubiri mimi, au yeye?"

Mama aliegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe asimwone ndama, akakaza vidole. Maziwa yakashuka membamba, kisha mazito, povu likapanda ndooni.

Ulimi uliendelea kumlamba kiwiko, bila haraka, kama wa mtu ambaye hajawahi kudanganywa.