Sampuli ya Pili

Siku ile mjinga alikuwa Alamin, wala hatafuti wa kumsaidia kuubeba ujinga wenyewe. Mtu mzima, shahada moja mkononi na ya pili iko njiani, alisimama uani kwa watu kule Msambweni, kitanda, masufuria na kabati la nguo vimetandazwa juani, naye akacheka.

"Mfungo uko wiki tatu mbele, nanyi mmeshaanza kupaka chokaa?"

Bi Mwanaima, aliyeketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi, hakucheka. Binti yake, Twaiba, aliendelea kufunga mafurushi.

"Shikamoo, mama," Alamin akajirudi.

"Marahaba, mwalimu. Karibu. Viti vyote viko nje, chagua."

Alamin alikuwa mwalimu wa ngumbaru. Alikuwa akimalizia shahada ya uzamili ya elimu ya watu wazima, na kilichobaki ni jalada la mtandaoni: ukurasa wa kupanga ushahidi wa kazi yake, picha, maandishi ya wanafunzi, na maelezo yake mwenyewe yaliyojaa maneno marefu. Mwisho wa kulikabidhi ulikuwa saa kumi na mbili jioni hiyo. Alikwisha kuanguka mara moja, na chuo hakimvumilii mtu mara mbili. Msimamizi wake alikuwa amemwandikia: sampuli ya kwanza ya Bi Mwanaima inapendeza, lakini maendeleo yako wapi? Lete ya pili.

Hiyo sampuli ya kwanza ndiyo iliyokuwa pambo la jalada. Mwaka juzi, darasani, Bi Mwanaima mwenye miaka sitini na miwili alishika kalamu kama mtu aliyeshikishwa nge, akatia saini yake ya kwanza. Alamin ndiye aliyembunia, yenye mkia mrefu uliopinda kurudi nyuma. Wenzake walipiga vigelegele. Alamin akapiga picha, akapandisha yote mtandaoni: karatasi, uso, jina kamili na kijiji. Wiki ileile mume wa Bi Mwanaima akafariki, mama akaingia eda, darasa akaliacha. Naye Alamin akahamishiwa Waa, asikanyage tena pale hadi leo.

"Jina na saini tu, mama," alisema, akimnyooshea kalamu. "Dakika mbili, nami nitakuombea dua mpaka nizeeke."

"Lete wino nitie dole."

"Dole! Wewe ndiwe ushahidi wangu! Ukitia dole, wataniambia nilikuwa nikifundisha kuku."

"Wakikwambia, itika," alisema Twaiba.

Nyuma ya ua, watu wawili walikuwa wakivuta kamba kutoka mnazi mmoja hadi mwingine. Mmoja alipigilia kigingi. Alamin akawapungia mkono, hawakumjibu.

"Sijui kuandika, mwanangu," Bi Mwanaima alisema.

"Hujui?" Alamin akafungua simu, akampa. "Na huyu ni nani? Utazame mkia huo. Hata meneja wa benki hana mkia kama huo."

Bi Mwanaima aliishika simu kwa mikono miwili. Aliitazama muda mrefu, midomo ikicheza bila sauti.

"Nani mwingine ameiona?"

Hapo Alamin akavimba kichwa. "Uliza nani hajaiona! Ukurasa umefunguliwa mara mia tatu na kumi. Tangu siku za mwanzo kuna bwana mmoja, hata simjui, aliniandikia kukusifu, akaniomba picha iliyo wazi zaidi ya ile karatasi. Nikamtumia siku hiyohiyo. Mama, wewe ni mtu mashuhuri!"

Twaiba aliliacha furushi. Aliingia ndani, akatoka na karatasi aliyoikunja ikabaki sehemu ya chini tu, akaiweka juu ya paja la mamake, ubavuni mwa simu.

Alamin aliinama. Jina. Tarehe. Saini, mkia uleule, umepinda vilevile, hata pale mkono ulipotetemeka umetetemeka vilevile. Moyo ukamruka kwa furaha.

"Mashallah! Kumbe mlikuwa mnanizungusha tu! Itazame tarehe: mwezi wa tano, mwaka juzi. Mwezi mmoja tu baada ya lile darasa, tayari mama anatia saini karatasi za watu!" Aliichukua simu, akafungua kamera. "Sampuli ya pili hii hapa. Nimepona."

"Usipige," Twaiba alisema.

"Nisipige kwa nini? Hii ni kazi yangu! Nimekesha miaka miwili kwa ajili ya shahada hii."

"Nimekwambia usipige, mwalimu."

"Twaiba, mwanamke hawezi kukana kuandika na saini yake iko wazi namna hii, jina lake, mkia wake. Mpeleke mbele ya hakimu yeyote unayemtaka, uone nani atapewa haki."

Kule minazini kigingi kingine kilikuwa kikipigiliwa. Bi Mwanaima aliikunjua ile karatasi taratibu, akailainisha juu ya goti hadi kichwa cha maandishi kikaonekana: MAKUBALIANO YA KUUZA SHAMBA.

"Maneno hayohayo ndiyo aliyoyasema hakimu, mwanangu," alisema, "nami nikamwambia kwamba mwezi wa tano nilikuwa eda, sikuvuka kizingiti, na kwamba saini yangu nimeitia mara moja tu tangu nizaliwe, kwenye karatasi yako."