Bega la Kushoto

Tangu wakatazwe kumtembelea mwanao gerezani, kila Ijumaa Shekue na mkewe walimtazama kwa darubini ya mitumba akiponda mawe ng'ambo ya bonde. Vioo vyake vibovu viliwaonyesha umbo lenye ukungu tu, lakini walimjua kwa bega la kushoto lililoinama.

Leo Shekue alikata vipande viwili vya boksi la viatu, akatoboa tundu dogo katikati ya kila kimoja, akavipaka masizi ya sufuria na kuvibandika mbele ya vioo. Ukungu ukatoweka. Akaliona bega, kisha uso. Hakuwa mwanawe; alikuwa mtu mwingine kabisa.

"Umemwona, baba Kimweri?" mkewe aliuliza, mkono kaunyoosha.

"Nimemwona. Kanenepa."

Akavibandua vile vipande, ndipo akampa darubini. Mkewe akatazama, akacheka, akapunga kanga.