Kijani Ndiyo Hatari

Kwa mara ya nne wiki hiyo, Gurbachan Singh aliendesha gari la watu huku macho yake yakiwa zaidi kwenye dashibodi kuliko barabarani. Aliiomba taa ya oili iwake. Kwenye gari lile dogo la Kijerumani, lenye injini nyuma, taa hiyo ilikuwa ya kijani, na kijani ndiyo hatari.

Taa haikuwaka. Akageuza, akarudi gereji yake mjini Nakuru, amenuna.

Wiki kadhaa kabla, alasiri ya Ijumaa moja ya mvua, gari hilohilo lilikuwa limemgonga mzee Kosgei kwenye kivuko cha reli ng'ambo ya mtaa wa Rhonda, likamwacha amekufa matopeni. Mlinzi wa kivuko alisoma namba. Uso wa dereva hakuuona kwa ukungu wa kioo, ila aliapa kwamba taa ya kijani ilikuwa ikimulika karibu na usukani. Polisi wakamkamata Kiprugut, dereva wa Bwana Mathenge wa Milimani. Wakili wake aliomba gari likaguliwe na fundi Gurbachan, na mahakama ikakubali. Jumatatu hakimu angetoa hukumu.

"Mimi na hiyo taa hatujawahi kuonana," Kiprugut alimwambia Gurbachan kule rumande. "Na hiyo gari ilishinda kwako gereji mpaka jioni."

Gurbachan alisikitika kumsikia rafiki yake akisema hivyo. Siku ile yeye alikuwa Kisumu harusini, lakini mkewe Jasvinder, aliyebaki na funguo, alikuwa amewaeleza polisi kwamba Kiprugut alilichukua gari saa nane mchana. Kiprugut si mtu wa kugonga akakimbia; basi alikuwa akimficha mtu, na Gurbachan hakuhitaji kupiga ramli kumjua. Ni Nyakio, mke wa Mathenge, aliyeendesha gari kama anayefukuzwa na nyuki. Dereva gani atathubutu kumtaja mke wa bosi wake?

Ilibaki taa iseme. Kama huwaka kwa mwingine na kwa Kiprugut haiwaki, basi Kiprugut hakuwa kwenye usukani. Gurbachan alimwahidi hivyo Milcah, mke wa Kiprugut, aliyekuja kila asubuhi akakaa juu ya pipa tupu na kungoja.

Nyumbani nako alingojwa. "Imewaka?" Jasvinder alimuuliza kila jioni kabla hajavua viatu. Akisema bado, mkewe alirudi jikoni. Alhamisi akaongeza, "Lirudishe gari la watu, Sardarji. Lina mkosi."

"Na Kiprugut je?"

Jasvinder alienda kugeuza chapati. Gurbachan alimhurumia. Tangu Kiprugut akamatwe, chakula kilikuwa hakimpiti mkewe kooni, na usiku alimsikia akigeukageuka kitandani. Moyo wa mama huyu, aliwaza, ni laini kupita kiasi.

Jumamosi asubuhi aliiacha injini ikinguruma, akainama kuchungulia chini ya kiti cha dereva. Kiti kilimzuia. Akakisukuma mbele mpaka kikagota.

Kijani.

Akakivuta nyuma, ikazima. Akasukuma tena, ikawaka. Alibandua zulia la mpira, akauona waya wa taa. Fundi fulani mvivu, miaka iliyopita, alikuwa ameupitisha pale sakafuni. Ngozi ya waya ilikuwa imechunika, na chuma cha kiti kiliugusa pale tu kiti kilipofika mbele kabisa.

Gurbachan alijaribu kuketi hivyo. Magoti yaligusa ndevu. Na Kiprugut alikuwa mrefu kumshinda!

"Mama, njoo uone!" alimpigia Milcah kelele. "Hii gari iliendeshwa na mtu mfupi! Mfupi kabisa!" Milcah alishuka kwenye pipa, akatazama, akajifunika uso kwa leso na kulia. Gurbachan naye machozi yalimlengalenga. Alikimbilia ofisini, akampita Jasvinder aliyekuwa akiandika hesabu pale mezani, akampigia simu inspekta wa kesi hiyo mwenyewe.

Inspekta hakukawia. Alichuchumaa, akasukuma kiti, akavuta, akasukuma. Akafuata waya kwa kidole hadi mwisho wake.

"Singh, hii kitu imetushinda sisi wote," alisema akisimama. "Kwa hivyo si Kiprugut."

"Si Kiprugut. Njia ya mwongo ni fupi, Inspekta. Sasa nenda Milimani umuulize Mama Nyakio, naye ni mfupi."

"Nitaenda. Lakini kwanza nataka kuona mtu wa kimo hicho akikaa hapo na akifika pedali. Kortini wataniuliza."

Gurbachan alitazama huku na huku, kisha akacheka kwa mara ya kwanza wiki nzima.

"Jasvinder!" aliita. "Njoo uketi hapa dakika moja. Wewe ndiye mfupi wetu!"

Jasvinder alitoka hadi mlangoni mwa ofisi, akasimama. Hakulitazama gari. Alimtazama Milcah. Katika miaka ishirini na miwili ya ndoa, yeye na mumewe hawakuwahi kusemezana ila kwa Kipunjabi. Sasa alisema kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie.

"Sardarji, mvua ilikuwa nyingi. Sikumwona yule mzee."