Mila ya Shekue

Na itangazwe kwa wote wenye masikio kwamba Shekue alikuwa mlinzi wa mila za wazee wake. "Kwetu mwanamume hashiki mtoto kabla ya arobaini," alisema, kifua mbele. Mila hiyo haikujulikana hata na mama yake mzazi, maana ilizaliwa siku moja na mtoto.

Bi Mwatima, mkandaji, alikuwa amemkanda Subira, mke wa Shekue, kwa maji ya moto na kumfunga tumbo kwa kanga. Subira akapitiwa na usingizi papo hapo. Mtoto akaanza kulia.

"Mchukue, baba," alisema Bi Mwatima.

"Mila, bibi."

"Haya. Lala mkekani, kifudifudi."

"Mimi? Kwani nimezaa mimi?"

"Aliyezaa amelala. Anayezunguka uani kama kuku anayetaka kutaga ni wewe. Lala!"

Akalala. Kitambaa cha moto kilipomgusa mabega, aliguna kama mlango wa zamani. Bi Mwatima alimkanda polepole mpaka kwenye mikono, akamkuta amekunja ngumi. Akamkunjua vidole kimoja kimoja.

"Hiyo mila yako, mwanangu, inaogopa nini?"

Shekue alificha uso mkekani. "Nitamwangusha, bibi. Mikono hii imezoea magunia."

Bi Mwatima hakucheka. Alimgeuza chali, akamfunga kanga tumboni na kuikaza kama ya mzazi, kisha akamlaza mtoto kifuani pake. Kilio kikageuka kwikwi. Shekue aliikodolea macho dari, pumzi ameibana, mikono yote miwili ikielea juu ya kale kamgongo, ikishuka taratibu.