Lori la Wifi

Siku ya tatu ilifika na wifi alikuwa bado hajaja kuomba ufunguo.

Mama Pampu aliupapasa tena kifuani, ndani ya blauzi, pale alipouficha tangu Jumatatu. Ulikuwapo, umepata joto kama yai chini ya kuku. Chumba cha kuchajia lori la umeme kilikuwa kimefungwa, na ufunguo ulikuwa huo mmoja tu. Msimamizi alimwachia yeye kabla ya kusafiri. "Wewe ndiye mtu wa mafuta hapa," alimwambia. "Anayetaka kunywesha gari, dizeli au umeme, apitie kwako."

Jibu alikuwa nalo mdomoni, limeiva. Angemwacha wifi aombe mpaka sauti imkauke, kisha angemwambia: ufunguo umepotea, wifi yangu, samahani sana.

Na angefanyaje? Bosi alishasema mbele ya madereva wote: lori la umeme likimaliza wiki bila kukwama njiani, mengine yatafuata, na pampu ya dizeli itang'olewa. Miaka kumi na moja Mama Pampu alikuwa amesimama kando ya pampu ile. Harufu ya dizeli haikumtoka mikononi hata kwa sabuni ya unga, na kwa mikono hiyo hiyo alikuwa akiwasomesha mapacha wake, peke yake. Sasa wa kumng'oa alikuwa nani? Mke wa kaka yake. Yule yule aliyeingia kwenye familia na begi moja, akajifunza udereva jioni jioni huku mtoto yuko mgongoni, leo anapita mbele yake na lori lisilo na sauti, kama paka mwizi.

Jumapili mchana, kabla hata wiki haijaanza, Mama Pampu alikuwa ameuchomoa waya wa lori hilo betri ikiwa nusu, akakifunga chumba. Hesabu yake ilikuwa rahisi. Kutoka pampuni mpaka machimboni juu ya mlima, kilomita tisa za kupanda bila mzigo. Kisha kushuka na tani ishirini za mawe, kuyamwaga kwenye barabara mpya inayojengwa hapo jirani, na kupanda tena. Safari sita kwa siku. Nusu betri isingeimaliza Jumanne.

Jumanne ikaisha. Jumatano nayo ikaisha.

"Hujambo, wifi?" mke wa kaka aliita dirishani kila alipopita.

"Sijambo. Huchaji leo?"

"Bado kidogo."

Hiyo "bado kidogo" ilimkaa Mama Pampu kooni kama mwiba wa samaki.

"Huyo anachajia nyumbani kwa kaka yako," alisema Gia Moja, dereva mkongwe wa dizeli, akisubiri tangi lake lijae.

"Kwa kaka yangu? Pale wakiwasha pasi taa zinafifia nyumba nzima. Na lori linalala hapa hapa, mlinzi shahidi."

"Basi kuna kitu. Sisi tunashuka breki zinafuka moshi, yeye anashuka polepole kama ameshikwa mkia. Fundi wa breki anasema wiki nzima hajamwona."

"Mwache ajidai. Mbio za sakafuni huishia ukingoni."

Lakini alikuwa ameanza kuogopa. Alhamisi asubuhi alikizunguka chumba cha kuchajia mara mbili, akachungulia dirishani, akavuta kufuli. Hakuna aliyekigusa.

Adhuhuri hiyo umeme ukakatika mji mzima.

Mpaka Ijumaa asubuhi ulikuwa haujarudi, na Mama Pampu akajikuta anaimba. Sasa hata kama kulikuwa na waya wa siri mahali, ulikuwa maiti. Pampu nayo ilikuwa imenyamaza, maana mota yake ni ya umeme, na malori matano ya dizeli yalikuwa yamepanga foleni na matangi makavu. Madereva waliguna. Yeye hakujali.

"Dizeli haiozi," aliwaambia. "Tutasubiri. Wa kulia leo ni mmoja tu, nanyi mtamwona."

Saa tano lori la wifi likashuka na mawe, likayamwaga kule barabarani. Safari hii halikugeuka kupanda mlima. Likakunja kona, likaja taratibu mpaka mbele ya pampu, likasimama.

Madereva wakasogea. Mama Pampu akashika kiuno.

"Leo umefika mwenyewe," alisema, akihakikisha kila mtu anasikia. "Wiki nzima unapita na kidevu juu, hujui kama kuna mtu hapa. Haya, pole. Umeme hakuna. Na hata ungekuwapo, ufunguo umepotea. Waombe hawa kaka zako wakusukume."

Mmoja wao akacheka. Gia Moja akatazama pembeni.

Wifi akashuka bila haraka, akajipangusa vumbi usoni kwa mkono wa shati. Akafungua kisanduku ubavuni mwa lori, akavuta waya mweusi mrefu, akampita nao Mama Pampu akiuburuta chini.

"Sikuja kuchaji, wifi," alisema. "Kila nikishuka, uzito wa mawe unazungusha mota na betri inajijaza yenyewe, zaidi ya inachotumia kupanda; sasa imefika asilimia tisini na saba na sina pa kuuweka huu umeme. Hebu nioneshe pampu yako inachomekwa wapi, wenzangu wapate mafuta."