Neno kwa Neno

Kivuko kilikuwa kimeshaiacha Kamanga wakati Teodora aliposoma tena kwenye simu mwongozo aliowaandikia wenzake ofisini, akaona kosa. Kwenye amri ya kufuta mafaili ya ziada katika kompyuta alisahau kuweka chaguo la kuyaruka yale yaliyo kwenye orodha ya yasiyopaswa kuguswa. Vipimo vya sangara vya miaka miwili vilikuwa kwenye orodha hiyo, na havikuwa na nakala nyingine popote.

Akapiga ofisini Igogo. Simu ikakatika. Akapiga tena, kidole gumba kikiteleza kwa jasho kwenye kioo.

Mwenzake alipopokea tu, Teodora alifoka, “Usiiendeshe ile amri!”

“Jamani, Teodora! Si ulitugombeza juzi tusijifanye wajuaji, tufuate mwongozo neno kwa neno?” Mwenzake alicheka. “Basi nimefuata. Mashine imekuwa nyepesi, kama mpya!”